MAISHA YA IMAMU IBN HAJAR AL-ASQALANI
Na namna alivyosoma vitabu virefu mpaka mwisho wake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika maradhi yaliyoenea baina yetu wanafunzi wa elimu, na ambayo hayasemwi sana kwa kuwa mwenye nayo haumwi popote, ni maradhi ya kuanza kitabu na kutokimaliza. Siku ya kufunguliwa darsa ya kitabu kikubwa msikiti hujaa hadi barazani. Baada ya mwezi hubaki safu mbili, na baada ya miezi sita hubaki mwalimu na wazee watatu. Na majumbani mwetu vitabu vya mijalada mingi vimepangwa makabatini, migongo yake imemetameta kwa maandishi ya dhahabu. Ukiufungua mjalada wa kwanza utaziona kurasa za mwanzo zimechakaa kwa kushikwa. Ukiufungua wa tano utaukuta kama ulivyotoka kiwandani.

Wengine husema kuwa hii ni hali ya zama: kazi ni nyingi, usiku ni mfupi, na simu ya mkononi haimwachi mtu akamaliza ukurasa mmoja bila ya kumwita. Wengine husema kuwa kustahamili vitabu virefu ni kipawa, aliyepewa amepewa na aliyenyimwa amenyimwa. Sisi twaona kuwa kauli zote mbili zina upungufu. Na hoja yetu tumeichukua katika maisha ya mwanachuoni mmoja ambaye jina lake halikosekani katika darsa yoyote ya Hadithi, naye ni Imamu Ibn Hajar al-Asqalani. Wengi wetu twamjua kwa vitabu alivyoviandika. Leo twapenda kumweleza kwa vitabu alivyovisoma.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Jina lake ni Ahmad bin Ali bin Muhammad al-Kinani, kuniya yake ni Abul-Fadhl na lakabu yake ni Shihabuddin. Nisba ya al-Asqalani ni kwa mji wa Asqalan ulio pwani ya Palestina, ambako ndiko ulikotoka ukoo wake. Ama yeye mwenyewe alizaliwa Misri, karibu na ukingo wa mto Nile, katika mwezi wa Shaabani mwaka 773 Hijria (1372). Wala asichanganywe na Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa, ambaye mafakihi wetu wa Kishafii humtaja kila siku. Huyo alikuja baadaye, na alifariki mwaka 974 H. (1567).

Mama yake alifariki naye angali mdogo sana, na baba yake, aliyekuwa mtu wa elimu na biashara, akafariki mwaka 777 H., mtoto ana umri wa miaka minne. Kabla ya kufa, baba alimuusia mwanawe kwa Zakiyuddin al-Kharrubi, mkubwa wa wafanyabiashara wa Misri katika zama zake. Dada yake, Sitt al-Rakb, aliyekuwa msichana msomi, alimpenda kwa mapenzi ya mama, na Ibn Hajar alipokuwa mtu mzima akimhesabu kuwa ni mama yake wa pili.

Yatima huyu alitiwa chuoni na umri wa miaka mitano, na akahifadhi Qur'ani nzima alipokuwa na miaka tisa. Al-Kharrubi alipokwenda kuhiji alimchukua pamoja naye wakakaa Makka, na huko, mwaka 785 H., kijana huyu wa miaka kumi na miwili aliwasalisha watu Tarawehe katika Msikiti Mtakatifu. Baada ya Qur'ani alihifadhi vitabu vifupi vifupi vya kila fani: Umdatul-Ahkam katika Hadithi za hukumu, al-Hawi as-Saghir katika fikihi ya Kishafii, na Alfiya ya al-Iraqi katika istilahi za Hadithi. Jambo hili tulitie maanani, kwani tutalirudia: mtu aliyekuja kuwa bahari ya vitabu virefu hakuanza na virefu.

KISA CHA JIWE

Kuna kisa kinachosimuliwa sana, na huenda wasomaji wetu wengi walikisikia wakiwa chuoni. Husemwa kuwa Ibn Hajar alikuwa mzito wa kufahamu, akakata tamaa akaikimbia madrasa. Njiani akaona tone la maji likianguka juu ya jiwe mpaka likalitoboa, akazingatia, akarudi kusoma, na kwa hivyo akaitwa Ibn Hajar, yaani mwana wa jiwe.

Kisa hiki kitamu hakina msingi. Mtoto aliyehifadhi Qur'ani na miaka tisa hawi mzito wa kufahamu. Na jina la Ibn Hajar limetokana na mmoja wa mababu zake, wala hakulipata kwa jiwe lililotobolewa na maji. Mwanafunzi wake mkubwa, as-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 H. (1497), ameandika maisha ya mwalimu wake kwa urefu mkubwa, na humo hakuna mwanafunzi mjinga aliyekimbia madrasa.

Hatukulitaja jambo hili kwa ajili ya kuwaharibia watu hadithi yao. Tumelitaja kwa kuwa kisa hiki, juu ya uwongo wake, hufundisha somo pungufu. Hufundisha kuwa kazi ya msomaji ni kudonda tu, tone juu ya tone, bila ya fahamu wala ladha, mpaka jiwe lisalimu amri. Basi mwanafunzi husoma kurasa kumi hali ya kuwa moyo wake uko sokoni, akajipa heko kwa subira, na baada ya mwezi huchoka akaacha, akaona kuwa yeye hakuumbiwa elimu. Kitabu hakitobolewi kama jiwe. Subira ni lazima, lakini subira nayo hutaka chakula; na maisha ya kweli ya Ibn Hajar yatuonyesha chakula hicho ni nini.

ARI ILIPOLEGEA NA ILIPORUDI

Mwaka 787 H. (1385) wasii wake al-Kharrubi alifariki, na kijana akabaki bila ya mtu wa kumsimamia. Hapo ari yake ikapoa, akakaa miaka kadhaa haendi darasani kwa bidii kama alivyokuwa akienda. Tazama, hata Ibn Hajar alipitiwa na wakati wa kuchoka! Kama hima ingekuwa kipawa kisichopungua, basi isingempungukia yeye.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao haukufungwa. Tokea utoto alipenda tarikhi na khabari za watu waliopita. Vitabu hivyo hakuwa navyo, basi akivikodi kwa wenyewe, akavisoma, kisha akavirejesha. Hakuna mwalimu aliyemlazimisha kusoma tarikhi, wala hapakuwa na mtihani mbele yake. Alikuwa akisoma kwa kuwa anataka kujua: fulani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alikutana na nani, alikufa lini.

Na majina hayo yakamkaa kichwani. Alipokuja kuielekea elimu ya Hadithi kwa moyo wake wote, mwaka 796 H. (1394), na kumwandama Hafidh Zainuddin al-Iraqi kwa miaka kumi, zile isnadi ambazo humchosha mwanafunzi mwingine, fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani, kwake yeye zilikuwa ni mikutano ya watu anaowajua. Pale ambapo mwenziwe aona majina matupu, yeye aona mtu aliyesafiri kutoka Basra mpaka Sham, mwingine aliyepoteza hifdhi yake uzeeni, na wa tatu ambaye haiwezekani kuwa alimsikia wa pili, kwani huyu alikufa kabla yule hajazaliwa.

Hili ndilo jambo la kwanza tulitakalo lishikwe. Mtu huingia katika elimu ndefu kwa mlango anaoupenda, na akishaingia huizowea nyumba nzima. Mzazi au mwalimu anayemwona kijana hapendi kitabu fulani, asifanye haraka kumwita mvivu. Aangalie kijana huyo apenda nini, kisha atafute njia inayotoka hapo kwenda kwenye kitabu.

SAFARI ZAKE

Ibn Hajar alisafiri sana kwa ajili ya elimu. Alikwenda Iskandaria, Hijazi na Yemen, na huko Yemen alikutana na al-Fayruzabadi, mwenye kamusi mashuhuri ya Kiarabu. Mwaka 806 H. alisafiri tena kwenda Yemen, na chombo alichopanda kikazama, mali yake na vitabu vyake vikaingia majini, kisha Mwenyezi Mungu akajaalia vikaopolewa vingi katika hivyo. Sisi watu wa pwani twaijua bahari na twajua maana ya msiba huu, khasa kwa zama ambazo kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Naye hakuacha kusafiri wala kuandika.

Safari iliyo na mafunzo zaidi kwa mada yetu ni ile ya Damascus. Alifika huko katika Ramadhani ya mwaka 802 H. (1400) na akakaa siku mia moja tu. Katika siku hizo alisoma na kusikia kwa masheikh wa mji ule karibu juzuu elfu moja za Hadithi, na juzuu kwa istilahi yao ni kijitabu cha kurasa chache chache. Na juu ya hayo alinakili na kuandika mambo mengi. Kisha akaondoka. Haukupita mwaka ila majeshi ya Timur yalikwishauvamia mji huo, yakaupora na kuuchoma. Mwanafunzi anayesema kuwa atasoma kitabu fulani mwakani na aizingatie tarikhi hii.

KUSOMA KWA HARAKA NA KUSOMA KWA UTARATIBU

Hapa ndipo yanapotajwa mambo ambayo watu hustaajabu nayo. Amepokea as-Sakhawi kuwa mwalimu wake aliisoma Sahihi ya al-Bukhari katika vikao kumi, kila kikao takriban saa nne. Na Sahihi ya Muslim aliisoma katika vikao vinne pamoja na kikao cha kukhitimisha. Na kitabu cha at-Tabarani kiitwacho al-Muujam as-Saghir, ambacho ndani yake mna Hadithi zaidi ya elfu moja pamoja na isnadi zake, alikisoma huko Damascus katika kikao kimoja, baina ya Adhuhuri na Alasiri.

Sahihi ya al-Bukhari, kwa hesabu iliyo mashuhuri leo, ina Hadithi 7,563 pamoja na zilizokaririwa, katika vitabu 97. Kuisoma kwa saa arubaini ni jambo kubwa. Lakini msomaji asidanganyike akadhani kuwa huku ndiko kuanza. Kusoma huko kulikuwa ni kusoma mbele ya sheikh kwa ajili ya kupokea na kusahihisha nuskha, naye msomaji ameshawajua wapokezi, ameshayajua matamko, na ameshayahifadhi mengi. Nahodha aliyezowea mlango wa bandari huingiza chombo usiku bila ya khofu, kwa kuwa kila mwamba aujua mahali pake. Mgeni akimwiga hupasua chombo mchana kweupe. Kadhalika mwanafunzi anayetaka kumaliza kitabu kikubwa kwa wiki moja kwa kuwa amesikia habari za Ibn Hajar, atamaliza kurasa na hatapata kitu, na kuchoka kwake kutampa chuki na kitabu.

Na huyu huyu aliyeisoma Sahihi kwa siku chache ndiye aliyekaa nayo robo ya karne akiisherehesha. Basi alikuwa na kusoma kwa namna mbili. Kwa haraka alikuwa akikizunguka kitabu kizima ili ajue mipaka yake, kama mtu azungukaye shamba kabla ya kulima. Kwa utaratibu alikuwa akisimama penye kila tamko. Wengi wetu hatuna hata moja katika mbili hizi: hatuendi mbio tukaona mwisho, wala hatusimami tukafahamu mwanzo.

FAT-HUL-BARI

Kitabu chake kikubwa kuliko vyote ni Fat-hul-Bari, sharhi ya Sahihi ya al-Bukhari, ambayo katika chapa iliyoenea ina mijalada 13 pamoja na mjalada wa utangulizi. Utangulizi aliumaliza mwaka 813 H. (1410). Kisha akaanza kusherehesha kwa upana mkubwa mno. Na alipokwisha kuandika sehemu alihofu kuwa, kwa mwendo ule, hataweza kuufikia mwisho. Basi akauacha mpango ule, akaanza upya kwa kadiri ya katikati, mwaka 817 H. (1414). Hakuona haya kupunguza. Alijua kuwa kitabu cha wastani kilichotimia chafaa kuliko kitabu kikubwa kilichokatika.

Na namna alivyokiandika yatupasa kuisoma kwa makini. Hakujifungia peke yake. Walikusanyika kwake wanafunzi wenye uwezo, kila wiki wana siku yao. Yaliyokwisha kuandikwa walikuwa wakiyanakili, kisha katika kikao mmoja wao husoma, na msomaji mashuhuri wa kikao hicho alikuwa Burhanuddin Ibn Khidhr, na wengine hulinganisha nuskha zao, huuliza, hupinga na hujadiliana, na mwalimu husahihisha. Hivyo wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, mpaka kitabu kikatimia mwanzo wa mwezi wa Rajabu mwaka 842 H. (1438), baada ya miaka ishirini na mitano.

Ni kitu gani kilichowafanya watu wale wasichoke na kitabu kimoja miaka ishirini na mitano? Twaona kuwa ni maswali. Imamu al-Bukhari aliigawa Sahihi yake kwa milango, na kila mlango akaupa anwani, na mara nyingi baina ya anwani na Hadithi iliyo chini yake pana jambo lililofichika. Mlango wa kwanza kabisa ni wa kuanza kwa wahyi, na Hadithi ya kwanza aliyoiweka humo ni ile ya kuwa matendo ni kwa nia. Pana mnasaba gani baina ya nia na kuteremka kwa wahyi? Wanavyuoni wameulizana jambo hili kwa karne nyingi. Ibn Hajar huzikusanya kauli zao, huzipima, kisha huchagua. Na milango ya al-Bukhari ni maelfu. Msomaji anayejiuliza kila mlango umewekwa hapo kwa nini, huwa kama mtu afuataye nyayo njiani. Kila wayo humvuta kwenye wayo wa mbele, na hatazami umbali wa safari.

Kisha tazama mwisho wake. Al-Bukhari amekhitimisha Sahihi yake kwa mlango wa mizani, ambayo kwayo matendo yatapimwa Siku ya Kiyama. Ibn Hajar, akifuata aliyoyapokea kwa sheikh wake al-Bulqini, ametanabahisha kuwa kitabu kilichoanza kwa nia kimekwisha kwa kupimwa matendo, kwani nia ndio mwanzo wa kila tendo na mizani ndio mwisho wake. Basi Sahihi nzima ni kama maisha ya mja, kutoka kwenye nia yake mpaka kwenye mizani yake. Faida hii nani ataiona? Aliyesimama mjalada wa pili hataiona kwa macho yake, hata akasimuliwa mara mia.

Siku ya khitma ilikuwa ni siku kubwa nje ya mji wa Kairo. Mwezi wa Shaabani wa mwaka ule Ibn Hajar alifanya karamu, wakahudhuria makadhi, wanavyuoni na wakubwa wa mji, na ikamgharimu takriban dinari mia tano. Hata kabla ya kutimia, habari za kitabu zilikwishafika mbali: Shahrukh, mwana wa yule yule Timur aliyeiteketeza Damascus, alituma kwa Sultani wa Misri mwaka 833 H. kukitaka, akapelekewa mijalada iliyokuwa imekwisha. Baba alichoma mji wa vitabu, na mwana akaomba kitabu.

HURUMA YAKE KWA WASOMAJI

Mtu angedhani kuwa mwenye hima kama hii atawadharau wenye hima ndogo. Sivyo alivyokuwa. Katika zama zake kitabu kikubwa cha khabari za wapokezi kilikuwa ni Tahdhibul-Kamal cha Hafidh al-Mizzi, na kwa urefu wake hima za watu zilikuwa zimeshindwa nacho, wengi wakatosheka na kifupisho kidogo cha adh-Dhahabi ambacho hakitoshelezi. Ibn Hajar aliliona hilo, na badala ya kuwalaumu watu, aliwafanyia kitabu cha kati, Tahdhibut-Tahdhib. Kisha baadaye akawafanyia kifupi zaidi, Taqribut-Tahdhib, ambamo kila mpokezi aghlabu amepewa mstari mmoja au miwili yenye hukumu yake. Na katika Hadithi za hukumu akawaandikia Bulughul-Maram, ambacho mpaka leo husomeshwa katika madrasa nyingi.

Hapa pana ngazi tatu: kifupi, cha kati na kirefu. Hakukusudia kuwa mtu akae kwenye kidato cha kwanza maisha yake yote, wala hakukusudia kuwa mtu aruke kutoka chini mpaka juu. Nasi twaona kuwa khasara nyingi za darsa zetu zatokana na mruko huu. Twawafungulia watu Fat-hul-Bari hali ya kuwa hawajamaliza Bulughul-Maram, kisha twasema kuwa watu wa siku hizi hawana hima.

Na nyumba yake ilikuwa kama darasa lake. Mkewe, Uns Khatun, alikuwa msomi wa Hadithi mwenye ijaza za masheikh, na as-Sakhawi ni miongoni mwa waliosoma kwake. Sahihi ya al-Bukhari ilikuwa ikisomwa kwake, na siku ya khitma akiwaandalia waliohudhuria halua na matunda. Wenye kudhani kuwa vitabu virefu ni vya wanaume peke yao na walijue hilo.

UKADHI, MAKTABA NA KUFARIKI KWAKE

Mwaka 827 H. alifanywa Kadhi Mkuu wa Kishafii wa Misri. Kazi hiyo aliingia na kutoka mara kadhaa, na jumla ya muda wake ni zaidi ya miaka ishirini. Hakuipenda, na alijuta kuikubali, kwani ilimkatia wakati wake wa elimu. Juu ya hayo alikuwa akisomesha, akitoa fatwa, akihutubu, na vikao vyake vya kuwaandikisha watu Hadithi vilipindukia elfu moja. Alikuwa pia mtunzaji wa maktaba ya Madrasa ya Mahmudiya, yenye vitabu vipatavyo elfu nne, na akaifanyia orodha mbili, moja kwa mpango wa herufi na moja kwa mpango wa fani, ili mwenye kutaka kitabu akipate. Kitabu chake cha khabari za Masahaba, al-Isaba, alikifanyia kazi takriban miaka arubaini.

Basi mwenye kusema kuwa kazi zimemzuia kusoma, na azipime kazi zake na kazi za Kadhi Mkuu wa Misri. Siri ya Ibn Hajar haikuwa katika siku ndefu kuliko zetu. Alikuwa hakai bure; ama asoma, ama aandika, ama asomesha, ama yumo katika ibada, na kila jambo lina siku yake ya wiki isiyochukuliwa na jambo jingine.

Alifariki mwishoni mwa mwezi wa Dhulhija mwaka 852 H. (Februari 1449), akazikwa katika makaburi ya Qarafa, na jeneza lake lilihudhuriwa na Sultani Jaqmaq na watu wasio na idadi. Karne nyingi baadaye, Imamu ash-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 H. (1834), alipotakwa aisherehesha Sahihi ya al-Bukhari, alijizuia kwa kuona kuwa baada ya Fat-hul-Bari hapana haja.

YATUPASAYO SISI

Huenda mtu akauliza: zama zetu vifupisho ni vingi, na mas-ala yoyote hutafutwa katika simu yakapatikana mara moja, pana haja gani ya kukikhitimu kitabu cha mijalada kumi na mitatu?

Haja ni hii. Hadithi moja huwamo katika Sahihi mara nyingi. Ile ya nia peke yake imo mahali saba. Ibn Hajar huieleza sehemu moja hapa, na sehemu nyingine kule inapohusiana na mlango wake. Mwenye kuchomoa ukurasa mmoja hupata kauli iliyotajwa ili ijibiwe, akaichukua kuwa ndiyo hukumu. Au hupata jambo lililoachwa wazi, asijue kuwa limefungwa mijalada mitatu mbele. Kisha husimama nalo msikitini akawagombanisha watu. Ugomvi mwingi tunaouona baina ya ndugu, wa huyu kumwita yule mzushi na yule kumwita huyu mjinga, ni ugomvi wa watu waliosoma kurasa, kila mmoja ukurasa wake. Wangekisoma kitabu kizima wangeona kuwa wanavyuoni walikhitalifiana katika mas-ala hayo hayo, na wakaandikiana kwa adabu.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu wa kila darsa mambo machache. Wachague kitabu cha kadiri yao, kifupi kwanza, wala wasione haya. Waweke siku moja ya wiki isiyovunjwa kwa arusi wala kwa safari ya mmoja wao. Mmoja asome na wengine wafuate katika nuskha zao, na kila mtu awe na daftari na kalamu, na asitoke ila ameandika swali moja ambalo jibu lake analingojea katika kikao kijacho. Kwani mwenye swali hurudi, na asiye nalo hana cha kurudia. Wasibadilishe kitabu katikati kwa kuwa kimetoka kingine kizuri. Na siku ya kukhitimu wafurahi, watoe walichonacho, hata kama ni kahawa na halua, ili watoto waone kuwa kumaliza kitabu ni jambo la furaha katika mji, kama arusi na Idi.

Tukifanya hivyo na kitabu kimoja kifupi mwaka huu, cha kati baada yake, na kirefu baada ya hapo, haitapita miaka mingi ila patakuwa na watu baina yetu ambao wamekiona kitabu kikubwa tokea nia yake mpaka mizani yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ibn Hajar, atunufaishe kwa elimu yake, na atujaalie katika wanaoanza jambo la kheri na kulitimiza. Amin.